Desturi huachwa, mwiko huvunjwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma mwaka wa kwanza chuoni, hapa Mbale. Kwenye sosholojia tunatofautisha mambo ambayo jamii imeyazoea tu na yale inayoyashikilia kwa nguvu. Nikiandika noti zangu kwa Kiswahili, yote yanaishia kuwa "mila na desturi". Wenzangu wanasema ni kitu kimoja. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli, na usikubali. "Mila na desturi" ni maneno yaliyozoea kuongozana. Yakiwa pamoja yanataja urithi wa watu kwa jumla, na kwenye hotuba ya harusi yanatosha kabisa. Kwenye somo lako lazima uyatenganishe.

Tofauti unayofundishwa ilielezwa na Mmarekani William Graham Sumner katika kitabu chake cha mwaka 1906. Kipimo ni hiki: mtu akienda kinyume, wenzake wanafanya nini? Wanamshangaa kidogo wakaendelea na shughuli zao, au wanamwona ameikosea jamii nzima? Kiswahili kimeificha tofauti hiyo kwenye vitenzi. Sikiliza watu wanavyosema: desturi huachwa, kaida hukiukwa, mwiko huvunjwa. Mila hudumishwa, na asiyeidumisha huambiwa ameivunja. Kwa hiyo mila imekaa karibu na mwiko kuliko ilivyo karibu na desturi, ingawa masikio yetu yameizoea kando ya desturi.

Katogo (matoke yaliyopikwa pamoja na matumbo au maharage) asubuhi ni desturi ya nyumba nyingi Uganda. Ukiamua kunywa uji, hakuna atakayeitisha kikao cha ukoo.

Sasa tazama imbalu, tohara ya Wamasaaba, kwa kuwa uko Mbale, kwao. Tohara ile hufanywa miaka ya shufwa, na kijana wa Kimasaaba asiyeipitia huendelea kuhesabiwa mtoto hata akiwa na ndevu. Hapo huwezi kuandika "desturi" ukawa umesema kweli. Hiyo ni mila: imepokewa kutoka kwa wazee na ndiyo inayoamua nani ni mwanamume.

Mwiko ni katazo. Katika Buganda, mtu wa ukoo wa Mmamba hali kamongo, maana ndiye muziro wa ukoo wake, yaani kiumbe ambacho ukoo unajitambulisha nacho na haukili. (Angalia: mmamba wa Kiganda ni samaki huyo, kamongo, mamba wa Kiswahili ana meno na miguu minne. Nimeshasahihisha insha zilizowachanganya.) Sarufi ya neno mwiko ni nyepesi kwa anayejua Kiganda: omuziro, emiziro, mwiko, miiko. Mwiko huu, miiko hii. Usiandike "mwiko nyingi". Na usishtuke ukikuta mwiko jikoni ukisonga ugali. Ni neno jingine lenye umbo lilelile.

Neno linaloyabeba yote haya ni kaida: matarajio ya jamii kuhusu mwenendo wa mtu, yawe mazito au mepesi. Kwa hiyo andika "kaida za jamii" kwenye kichwa cha noti zako, halafu chini yake ndipo uweke desturi, mila na miiko. Ukifika kwa Mfaransa Émile Durkheim utalihitaji tena, maana anomia aliyoieleza ni hali ya kaida kulegea mpaka mtu hajui ashike lipi.

Jambo moja zaidi, ambalo naona wanafunzi wengi wanalipita: wakati wa kitenzi. Zamani mwanamke wa Kiganda hakula kuku wala mayai. Leo anaagiza kuku mezani, mbele ya baba mkwe, na hakuna anayeinua uso. Ukiulizwa kuhusu hilo kwenye mtihani, usiandike "ni mwiko". Andika "ulikuwa mwiko", kisha eleza ni nini kilichobadilika.