Una ofu moja tu kwa wiki? Panda basi uende Al Ain

Juzi dada mmoja anayefanya kazi ya usafi Sharjah ameniandikia: "Dada yangu, nimechoka na moli. Ofu yangu ni moja kwa wiki, pesa ya kuchezea sina, na nataka nione kitu cha kijani kabla sijarukwa na akili. Niende wapi?" Nikamjibu Al Ain. Akanirudishia vikatuni vya kucheka. "Huko si ndiyo jangwani zaidi?"

Jibu refu ndilo hili, na nawaandikia nyote, kwa sababu sisi tuliokuja Ghuba kutafuta, ndoto zetu ni zile zile: kiwanja, nyumba ya mawe, na kashamba kadogo ka uzeeni.

Al Ain ni mji wa bara wa Falme za Kiarabu (UAE), upande wa Abu Dhabi, mpakani kabisa na Oman. Ukivuka tu uko Buraimi. Katikati ya mji huo, maduka na barabara vikiwa vimeuzunguka pande zote, upo msitu wa mitende, ndiyo oasisi yenyewe, shamba la kijani katikati ya jangwa. Wenyewe wanahesabu mitende zaidi ya 147,000, ya aina zinazokaribia 100. Mwaka 2011 UNESCO iliziingiza oasisi za Al Ain, pamoja na mabaki ya kale ya sehemu ziitwazo Hili na Hafit, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na ndipo mahali pa kwanza pa nchi hii kuingia humo. Na kuingia ni bure. Hilo nitalirudia mpaka mchoke.

Nitalirudia kwa sababu nililipishwa. Safari yangu ya kwanza nilikwenda na kampuni moja ya ziara, zile za kugawa vikaratasi vya rangi nje ya stesheni za metro. Tuliambiwa kuna "ada ya bustani", tukatoa. Tukashushwa langoni, picha mbili tatu, na dereva akaanza kupiga honi ati anawahi soko la ngamia. Nikamwambia kijana aliyekuwa akituongoza kwamba mimi bado nataka kuingia ndani. Akanitazama toka juu hadi chini, akasema, "Dada, mitende ni mitende tu."

Kuniambia mimi! Babu yangu Kikambala alikuwa mkwezi mpaka mvi zikamjaa kichwani. Mimi nimekulia kwenye makuti na makumbi, karara na vilifu ndiyo kuni tulizokuwa tukiwashia moto wa uji. Nikarudi ndani ya gari nikanyamaza, na nikisema neno lile limenitoka moyoni nitakuwa naongopa. Ofu iliyofuata nikaenda peke yangu.

Kwenda ni rahisi. Basi E201 linatoka kituo cha Al Ghubaiba, Dubai. Hakikisha kadi yako ya nol, ile ya kulipia nauli, ina salio la kwenda na la kurudi. Njiani ni mchanga na nguzo za umeme, lala usingizi wako. Ukishuka stendi ya Al Ain, oasisi haiko mbali.

Sasa ndani. Zipo njia nyembamba zilizosakafiwa, na kila upande ukuta wa udongo na mawe unaokufika kifuani, pengine zaidi. Juu makuti yamekutana, jua linakufikia kwa vipande. Ukitoka barabarani ukaingia kwenye njia hizo, mwili wenyewe unajua joto limeshuka. Chini ya mitende utakuta miembe, mindimu, mitini, mikomamanga na migomba, na chini ya hiyo, majani ya mifugo. Nilipoona mgomba kule nilicheka kwa sauti. Lakini ndiyo hesabu ya wazee wa pale: mtende unalichukua jua lote kichwani, wadogo wanaishi kivulini mwake. Ukiuondoa mtende, mwembe ule haumalizi kiangazi kimoja. Mwaka 2015 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, nayo iliitambua mitende ya Al Ain na ya Liwa, oasisi nyingine ya Abu Dhabi, kuwa kilimo cha urithi, na ukisimama pale huhitaji kuelezwa kwa nini.

Tafadhali, yale ni mashamba ya watu. Kila kipande kina mwenyewe. Usirukie ukuta, usichume ndimu ukasema ni moja tu. Tembea polepole, tazama.

Kutazama nini? Mimi nilifunzwa. Nilikuwa nimechutama kando ya mfereji nikiongea na mama kwa simu, spika wazi kama ilivyo kawaida yetu, mara nikasikia nyuma yangu, "Wewe mtoto wa Mombasa, wewe!" Kugeuka, ni bibi wa Kiomani, abaya nyeusi, mkono mmoja kamshika mjukuu. Shikamoo ilinitoka yenyewe. Akaitikia marahaba, kisha akaanza kushusha Kiunguja, kile chenyewe. Kazaliwa Mkunazini, kaondoka binti mdogo baada ya mapinduzi ya 1964, sasa anakaa Buraimi na alikuja kutembeza wajukuu. Mama kwenye simu akataka naye asalimiwe. Wakasalimiana hao, wakaulizana ukoo, nikasahaulika mimi niliyelipa vocha.

Simu ilipokatika, bibi akaniambia, "Mwanangu, mbona watazama juu tu? Mtende utauona kokote. Tazama maji."

Akanionyesha falaji. Maji yanachimbiwa njia chini ya ardhi, kuanzia kule kwenye miguu ya milima yaliko, na njia inalazwa kwa mteremko mdogo sana, mdogo wa kutoonekana, mpaka inatokeza shambani. Hakuna pampu. Maji yanatembea yenyewe. Juu ya njia hiyo kuna safu ya mashimo, ndiko wachimbaji walikokuwa wakishukia kuzoa udongo usizibe. Kule Hili wamefukua falaji ya miaka kama 3,000. Maji yakifika shambani yanagawanywa kwa zamu, kila mtu na saa zake. Zamani zamu ilipimwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Bibi alisema babake aliweza kukwambia sasa ni zamu ya nani kwa kutoka uani na kuinua uso tu.

Tukiwa tumesimama hapo akaja mfanyakazi mmoja, suruali kaikunja magotini. Akachomoa tambara lililozungushiwa jiwe kwenye tundu chini ya ukuta, akalikandamiza kwenye tundu la upande wa pili. Maji yakasita kidogo, yakageuka, yakaanza kuingia shamba jingine yakisukuma majani makavu mbele yake. Akapangusa mikono, akaenda zake. Tambara na jiwe! Nimefanya kazi kwenye majengo ambayo bomba likivuja wanaitwa mafundi wa kampuni tatu.

Lakini bibi hakutaka nidanganyike. "Haya ya sasa wayasukuma kwa mashine kutoka visimani," akasema. "Maji ya chini yameshuka." Ni kweli, falaji za zamani zimekauka kwa kuwa maji yamevutwa kuliko yanavyorudi. Uzuri ule unagharamiwa, na wewe mwenye ndoto ya shamba huko nyumbani hilo ulibebe: uliza maji kwanza, hati ya kiwanja baadaye.

Ukiweza, nenda Februari mwishoni au Machi. Hali ya hewa bado nzuri, na ndio msimu wa kuchavusha. Mtende una dume na jike, kila mmoja mti wake. Dume mmoja hutosha majike hamsini hivi, kwa hiyo mkulima haachi kazi hiyo kwa upepo wala nyuki, anaifanya mwenyewe. Nilimtazama jamaa mmoja akipanda. Babu yangu alikwea kwa vidato alivyovikata kwenye shina la mnazi. Huyu ana kamba pana imezunguka kiuno chake na shina, anajilaza nyuma, anairusha kamba juu, anasogeza miguu, anajilaza tena. Alipofika kileleni akaipasua karara ya jike, akatia katikati mashuke ya ua dume, unga wake mweupe ukimmwagikia ndevu, kisha akafunga kwa ukambaa wa kuti ili lisidondoke. Nilitazama mpaka shingo ikauma. Tende zenyewe huiva kuanzia Juni hadi Agosti na kuendelea, ila miezi hiyo joto hupita nyuzi 45. Mimi siendi.

Na nyinyi mnaonitumia ujumbe kwamba mmetia mbegu za tende mfukoni mkapande Voi, Dodoma au Lodwar, nisikilizeni. Mbegu huwezi kujua itatoa dume au jike mpaka mti utoe maua, na hilo ni suala la miaka. Tena hata ikiwa jike, haitazaa tende kama za mamake. Mtende hupandwa kwa chipukizi linaloota kwenye shina la jike unayemjua, au kwa miche ya maabara. Miche haisafirishwi kwenye sanduku la nguo, ina vibali vyake vya afya ya mimea. Mimi nafanya kazi jiko la keki hotelini, kila siku napasua tende na kutoa kokwa, na kokwa zote zile ningezipanda ningekuwa na jeshi la madume.

Wenzangu wa chumbani walinicheka. "Umelipa nauli kwenda kuangalia minazi!" Wao ofu yao ni kulala mpaka adhuhuri, kisha selfi mbele ya mnara mrefu kutuma nyumbani. Sasa hao hao mwezi jana waliniomba niwapeleke, nikawapeleka, na sitaficha, nilitembea mbele yao kama mwenye shamba. Jamani, tuambizane ukweli. Mtu unakaa nchi ya watu miaka, unajua bei ya viatu moli zote, na hujui watu hawa waliishije kabla ya mafuta. Ofu si ya kulala tu. Mwili unapumzika hata kwa kutembea. Amka mapema, nenda mapema, fika kabla jua halijakaza. Beba maji. Vaa viatu vya kutembea. Tembea polepole. Usipige picha familia za watu.

Ukibakiwa na nguvu, mlango wa magharibi uko karibu na kasri la Sheikh Zayed, rais wa kwanza wa nchi hii, lililojengwa 1937, alimoishi akiwa mkuu wa eneo hili kabla ya kuhamia Abu Dhabi 1966. Ngome ya Jahili nayo unaweza kuifikia. Ila mimi nikipungukiwa na muda huwa naacha majumba nabaki kwenye mifereji.

Tende nunua sokoni, si kwenye masanduku ya zawadi yenye utepe. Muombe muuzaji uonje khalas, halafu fardh, halafu uamue. Hakatai. Basi la kurudi uliza saa zake pale pale unaposhuka asubuhi, usingoje magharibi ikukute stendi.

Mwenye swali aniandikie, najibu usiku nikitoka zamu. Lakini atakayeniuliza kiingilio ni kiasi gani, huyo simjibu.