Maswali na Majibu: Bastola ya Fataki na Baruti Nyeusi

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa Waswahili wenzetu walioko Marekani, ambako nakala za bastola za Colt na Remington za karne ya 19, nyingi zikiundwa Italia, watu huzichukua uwanjani kupigia shabaha. Bastola hizi hazitumii risasi za ganda: baruti na risasi hushindiliwa kwa mbele kwenye vyumba vya silinda, na nyuma ya kila chumba fataki, yaani kikofia kidogo cha kuwashia, huvikwa juu ya kijibomba kiitwacho kifa. Barua moja imetoka nyumbani Tanzania, nayo nimeijibu kwa uzito wake.

*Mzee, baruti nyeusi imeadimika dukani kwetu. Nina kopo la baruti ya risasi za kisasa. Nikitia nusu kipimo kuna ubaya?*

Usitie. Si nusu, si robo, si chembe. Swali hili hunijia kila msimu, na kila anayeuliza hudhani kwamba kidogo hakidhuru. Baruti hiyo ya kisasa, isiyo na moshi, hupandisha shinikizo ambalo silinda hiyo haikuundwa kulihimili. Silinda ikipasuka, uso wako uko nyuma yake kwa urefu wa mkono tu. Hata baruti nyeusi halali ina mpaka wake: Colt Walker ya mwaka 1847, bastola ya kilo 2 na zaidi, ilikuwa ikishindiliwa hadi greni 60 (greni moja ni kama gramu 0.065) kwa chumba, na nyingi zilipasuka silinda mikononi mwa askari. Kama nyeusi imekosekana, tafuta baruti mbadala za Pyrodex P au Triple Seven, zilizotengenezwa kwa silaha za aina hii. Triple Seven ina nguvu zaidi, kwa hiyo soma maelezo ya kopo kabla ya kupima. Na wale wanaotaka niwafundishe kusaga baruti jikoni wasiniandikie tena.

*Napima kwa uzito au kwa ujazo?*

Kwa ujazo. Kwa bastola ya .44 (namba ya ukubwa wa mtutu) yenye fremu ya chuma, anza na greni 20 hadi 25, na usivuke kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Fremu ya shaba hulegea mapema, basi ipe kidogo. Mimina baruti kwenye kipimo kwanza, kisha kutoka kipimo iingie chumbani. Usiinamishe chupa ya baruti moja kwa moja juu ya silinda: cheche moja iliyobaki ndani, na chupa nzima inalipukia mkononi.

*Kaka, jamaa yangu alifyatua mara moja zikalia tatu kwa pamoja. Imekuwaje?*

Moto umeruka kutoka chumba kimoja kwenda vingine. Nimewahi kusimama meta chache kutoka kwa mtu aliyepatwa na hilo. Mlio ulikuwa mzito, moshi ukamfunika hadi mabega, na alipoiweka bastola mezani wenzo wa kushindilia ulikuwa umepinda. Vidole vyake vilipona kwa sababu alishika kitako tu. Ndiyo maana siku zote nasema mkono wa pili usikae mbele ya silinda.

Wapigaji hubishana kama moto huingilia mbele au nyuma. Mimi naziba kote kuwili. Mbele, kinga ni risasi yenyewe: iwe ya timazi (madini ya risasi, yaani lead) laini tupu, na iwe nene kidogo kuliko chumba. Kwa .44 nyingi ni inchi 0.451 au 0.454, kwa .36 ni 0.375 au 0.380. Ukiishindilia, mdomo wa chumba unatakiwa kuichonga na kuacha kipete chembamba cha timazi, kama uzi unaong'aa. Kipete kikitoka kizima, chumba kimezibwa. Kikitoka nusu, au kisipotoka, tafuta risasi nene zaidi. Chini ya risasi weka kipande cha filti (kitambaa kizito cha sufu) kilicholowa nta na mafuta ya ng'ombe. Ukikikosa, paka mafuta hayo juu ya risasi. Grisi ya gari iache garini, hugeuka lami kwenye mtutu.

Nyuma, kinga ni fataki inayokaa sawasawa kwenye kifa. Fataki za ukubwa namba 10 na namba 11 hazifanani, na kuibana fataki kubwa kwa vidole ili ishike ni uzembe. Ikidondoka kwa mtikisiko, kifa kinabaki wazi na moto una njia.

Na shindilia hadi usikie risasi imekalia baruti. Pengo la hewa kati yao ni hatari. Ukipenda kutumia baruti kidogo, jaza nafasi kwa sembe kavu juu yake. Fataki huvikwa mwisho kabisa, mtutu ukiwa umeelekea shabaha. Ukipakia, nyamaza. Nimeona watu wakipiga soga huku wakimimina, wakaruka chumba kimoja na kukijaza kingine mara mbili.

*Nijaze vyumba vyote sita?*

Vitano. Nyundo ilale juu ya chumba kitupu.

*Fataki ililia, risasi haikutoka. Nikaigeuza nichungulie. Nilikosea?*

Ulikosea sana, na nashukuru umeandika barua hii kwa mkono wako. Moto unaweza kuchelewa ndani. Mtutu ubaki kwenye shabaha dakika nzima, kisha vika fataki mpya ujaribu tena. Kabla ya kupakia siku nyingine, lipua fataki tupu kwenye kila kifa kukausha mafuta. Mara nyingi mafuta ndiyo mkosaji.

*Nina gobore la marehemu babu hapa Morogoro. Maelekezo yako yanalifaa?*

Hapana, mwanangu. Magobore mengi ya kienyeji mtutu wake ni bomba la maji, na hakuna kipimo cha baruti ninachoweza kukutajia kwa bomba. Tena Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inalihesabu kuwa silaha. Usilifyatue, usilifungue. Nenda kituo cha polisi uwaeleze lilipo, wakuelekeze namna ya kulikabidhi.

*Nikichoka jioni, naweza kusafisha kesho?*

Usiku huohuo. Masizi ya baruti nyeusi hufyonza unyevu wa hewa, na asubuhi utakuta kutu. Fungua silinda, ng'oa vifa, tia vyote kwenye maji ya moto na sabuni. Maji yatakuwa meusi kama wino na yatanuka mayai viza. Badilisha hadi yabaki meupe, kausha kabisa, paka mafuta, halafu nawa mikono kabla ya kugusa chakula, maana timazi ni sumu.