Wasomaji Wanauliza: Telekonvata Kwenye Lenzi ya Zumu, Nifunge au Niache?

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: mnyama yuko mbali, lenzi imefika mwisho, je, nikifunga telekonvata nitampata? Kwa wageni wa ukurasa huu, telekonvata ni kile kipande kifupi chenye vioo kinachokaa kati ya kamera na lenzi, kikaikuza picha mara 1.4 au mara 2. Nimechagua barua nne.

*Shikamoo mwalimu. Nina DSLR (kamera yenye kioo cha kuakisi ndani) na lenzi ya 150-600mm, f/5-6.3. Simba wakiwa mbali wanatokea wadogo, na nikiikata picha ili ibaki sehemu ya simba tu, inakuwa na ukungu. Nataka telekonvata ya 2x ili nifike 1200mm. Wenzangu wananishauri nichukue ya 1.4x. Nimsikilize nani? – Mpenda Simba*

Marahaba. Kwa lenzi hiyo na kamera hiyo, usimsikilize yeyote. Usinunue.

Tuanze na mwanga. Namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi linalopitisha mwanga: namba ikikua, tundu linakuwa dogo. Telekonvata ya 1.4x inakula hatua moja ya mwanga, maana yake unabaki na nusu. Ya 2x inakula hatua mbili, unabaki na robo. Lenzi yako ikiwa 600mm tundu lake kubwa kabisa ni f/6.3. Weka 1.4x, unapata 840mm kwa f/9. Weka 2x, unapata hiyo 1200mm unayoiota, lakini kwa f/13. Sasa fikiria asubuhi jua halijapanda, wakati simba bado wanatembea. Kama ulikuwa unapiga kwa ISO 3200 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), ukifunga 2x na kutaka kasi ileile ya shata, lile pazia la kamera, utapanda hadi 12800, na picha itajaa chenga, zile punjepunje zinazochafua picha.

Halafu kuna otofokasi, yaani kamera kujifokasi yenyewe. DSLR nyingi zimetengenezwa kufokasi hadi f/5.6, zile bora zinafika f/8, na mara nyingi hapo zinazobaki kufanya kazi ni nukta za katikati tu, pengine moja. Ukiipa f/13 itazungusha fokasi mbele na nyuma, simba ameshajilalia.

Lakini kuna kitu hukukiuliza, nacho ndicho kinachonisumbua zaidi katika barua yako. Unasema ukikata picha kuna ukungu. Je, una hakika ukungu huo umetoka kwenye lenzi? Mnyama akiwa mita mia tatu na jua limewaka, kati yako na yeye kuna hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini na kuchezacheza. Ni mazigazi yaleyale yanayoonekana barabarani mchana. Telekonvata haiipunguzi hewa hiyo hata kidogo. Inaikuza pamoja na simba.

Jipime hivi. Tafuta kitu chenye nyuzinyuzi, gome la mti au manyoya ya ndege aliyetulia, kiwe mita kumi na tano hivi kutoka kwako. Piga kwa 600mm, lenzi ikiwa imelazwa juu ya mfuko wa mchanga. Kisha piga kitu kilicho mbali sana, saa hiyohiyo, mipangilio ileile. Kama cha karibu kimetoka kikali, nyuzi zinahesabika, na cha mbali kimevurugika, lenzi yako haina kosa. Rudia cha mbali alfajiri, kabla ardhi haijapata moto, na utaona tofauti ambayo hakuna kioo kinachoweza kukununulia. Ukiwa ndani ya gari, zima injini, wala usipige ukielekeza lenzi juu ya boneti iliyopata moto.

Msimamo wangu ni huu, na najua wapo watakaonuna: telekonvata ni ya mnyama mdogo aliye karibu, si ya mnyama mkubwa aliye mbali. Ndege mdogo kama zuwarde akiwa mita kumi, kinyonga kwenye tawi, kipepeo. Hapo hewa ni fupi, undani upo, kilichopungua ni ukubwa tu. Tena kuna faida ambayo watu wanaisahau: umbali mdogo kabisa wa kufokasi haubadiliki ukifunga telekonvata. Kama lenzi inafokasi kuanzia mita moja na nusu, itaendelea kufokasi hapohapo, ila mjusi atatokea mkubwa mara 1.4. Mimi telekonvata yangu inakaa zaidi kwenye kazi za mijusi na vipepeo kuliko za simba.

*Kaka, salama? Mimi ninatumia kamera isiyo na kioo cha kuakisi (mirrorless), na lenzi ya 70-200mm f/2.8. Sina uwezo wa kununua lenzi ndefu sasa hivi. Nichukue 1.4x au 2x? – Dada wa Swala*

Salama dada. Wewe uko upande wa neema. Tundu la f/2.8 linakupa nafasi ya kupoteza mwanga na bado ukafanya kazi. Kwa 1.4x unapata 98-280mm f/4. Kwa 2x unapata 140-400mm f/5.6. Kamera yako haitababaika kwa yoyote kati ya hizo. Kamera za siku hizi zisizo na kioo zinafokasi hata kwenye matundu madogo sana. Mwaka 2020 Canon walitoa lenzi za RF 600mm na 800mm ambazo tundu lake ni f/11 tu, na otofokasi inafanya kazi.

Mimi ningechukua 1.4x. Nakubali 280mm si ndefu kwa ndege, lakini picha zake huwezi kuzitofautisha kirahisi na za lenzi tupu. Ya 2x inadai zaidi. Kila kasoro ya lenzi inakuzwa maradufu: ule ulaini wa kwenye kona, ule mstari wa zambarau unaotokea pembeni ya pembe ya swala akisimama mbele ya anga jeupe. Na zumu nyingi huwa dhaifu kidogo zikivutwa hadi mwisho, palepale utakapokuwa unakaa muda wote. Ukiichukua ya 2x, funga tundu kidogo, f/8 badala ya f/5.6, na manyoya ya shingoni yataanza kuhesabika.

Fokasi nayo inapungua kasi. Canon wenyewe waliandika kuhusu telekonvata zao za EF, yaani za lenzi za kamera zao za DSLR, kwamba kasi ya otofokasi inashushwa kwa asilimia 50 ukiweka 1.4x na asilimia 75 ukiweka 2x. Inashushwa makusudi, ili fokasi isikosee. Kwa swala anayekula majani si tatizo. Kwa anayekimbizwa, utalia. Kama lenzi yako ina swichi ya kuwekea fokasi mpaka, ifunge kwenye umbali wa mbali ili isihangaike kurudi karibu.

Angalia pia wanachofanya watengenezaji wenyewe wanapoamua kuijenga telekonvata ndani ya lenzi ya zumu. Canon EF 200-400mm f/4 ya 2013 ilikuja na 1.4x ndani. Nikon 180-400mm f/4 ya 2018, 1.4x vilevile. Hakuna aliyeweka 2x. Unasukuma kitasa kwa kidole, na kamera haitoki jichoni. Sisi wenye cha kufunga na kufungua kwa mkono tukumbuke kwamba upande mfupi nao unapotea: 70 yako inakuwa 98, au 140. Tembo akiamua kukusogelea utabaki na sikio na jicho moja, na huo si wakati wa kuanza kufungua vifaa.

*Mwalimu, mwenzangu ananiazima telekonvata. Nikiifunga kwenye lenzi yangu naweza kuiharibu? – Mwoga*

Ndiyo, unaweza. Itazame kwa mbele: telekonvata nyingi zina kioo kinachochomoza, kinaingia ndani ya mkia wa lenzi. Kama lenzi yako ina kioo karibu na mlango wake wa nyuma, viwili hivyo vitagongana. Ndiyo maana zumu nyingi za bei nafuu, zile za 70-300mm kwa mfano, hazikubali telekonvata ya kampuni yao wenyewe. Usilazimishe. Soma orodha ya mtengenezaji ya lenzi zinazokubalika, kwa jina kamili na toleo.

Hata lenzi iliyomo kwenye orodha inaweza kuwa na sharti. Canon RF 100-500mm (RF ni lenzi za kamera zao zisizo na kioo) inapokea telekonvata za RF, ila lazima kwanza uivute zumu hadi kupita 300mm, na ikishafungwa hairudi nyuma ya hapo. Ukiweka 1.4x una 420-700mm, basi. Ile mia ya mwanzo huna tena, na mkobani lenzi itaingia ikiwa imerefuka. Mtu asiyelijua hilo atazungusha, itagoma, naye ataongeza nguvu.

*Habari za kazi. Kamera yangu ina megapikseli 45. Si afadhali nikate tu picha nyumbani, niachane na telekonvata? – Mkataji*

Nzuri. Mara nyingi, ndiyo. Ukikata picha hiyo ili ilingane na 1.4x, unabaki na megapikseli 23 hivi. Ukikata ilingane na 2x unabaki na 11, na ukurasa wa A4 uliochapwa vizuri kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji chini ya 9. Kwa simu na mitandao ndiyo usiseme.

Wengi wanadhani kukata kunawaokoa na chenga kwa sababu ISO inabaki chini. Hapana. Ukikata kulingana na 1.4x umetupa nusu ya sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha, pamoja na nusu ya mwanga uliokwisha kuingia. Ukizitazama picha mbili kwa ukubwa mmoja, chenga zinakaribiana sana. Tofauti iko kwingine. Telekonvata inampa mnyama pikseli nyingi zaidi, na inamkuza kwenye dirisha la kutazamia, hivyo unaona kama fokasi imekaa kwenye jicho au kwenye mdomo. Kukata kunakuachia otofokasi yenye kasi na nafasi pembeni, ndege akiruka mabawa yasikatwe.

Kwa hiyo ndege anayeruka, kata. Aliyetua akatulia, na lenzi yako ni f/4 au ya tundu kubwa zaidi, funga 1.4x. Mwenye zumu ya f/6.3 na megapikseli kama zako, kata kila mara.

Ila kama utafunga, zima kamera kwanza na uielekeze uso chini unapobadilisha. Vumbi likikaa kwenye sensa halionekani sana kwa f/4, lakini kwenye f/11 litajitokeza kama madoa meusi angani, na kuyafuta moja moja kwenye picha za ndege ni kazi ya kuchosha.