Mtaro wa mbele ya nyumba

Mhariri, swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa hili: "Serikali ya mtaa unakoishi inafanya kazi gani ambayo umeiona kwa macho yako, si ya kusimuliwa?" Majibu mliyochapa mengi ni kilio cha barabara na taka, na sina ubishi nayo. Langu linatoka mbali kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, naishi Katoomba, Australia, mwendo wa saa mbili kwa treni kutoka Sydney. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, kwa hiyo vijiji vya milima hii nilivijua kwa majina ya vikongwe kabla sijavijua kwenye ramani.

Niwape picha kwanza. Chukua mgongo wa mlima, mwembamba kama wa ng'ombe aliyekonda, uuvute karibu kilomita 100. Juu yake pitisha barabara kuu moja na reli moja, kisha tundika miji na vijiji 27 kama nguo kwenye kamba. Kushoto na kulia majabali yanakatika wima, na huko chini ni msitu wa mikaratusi mpaka macho yachoke. Hilo ndilo Jiji la Blue Mountains, halmashauri iliyoundwa 1947 kwa kuunganisha halmashauri ndogondogo za mgongo huu. Sensa ya 2021 ilikuta watu 78,000 na kidogo. Sehemu kubwa ya eneo, kama asilimia 70, ni hifadhi ya taifa, na tangu mwaka 2000 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wanaiita jiji. Mtu wa Lushoto akifika ataona ni Lushoto iliyonyooshwa.

Nilihamia huku 2017, na mwaka mzima sikuiona halmashauri. Kwetu halmashauri ndiyo shule ya msingi, ndiyo zahanati, ndiye mtendaji wa kata anayebisha hodi na kitabu cha risiti. Huku shule ni za jimbo, yaani serikali ya New South Wales, hospitali za jimbo, polisi wa jimbo, na hata maji ya bomba ni shirika la jimbo. Kilichobaki kwa halmashauri ni mapipa ya taka, barabara ndogo, maktaba, viwanja vya michezo, vibali vya ujenzi na mbwa waliopotea. Nikajisemea, kumbe hawa ni wazoa taka wenye ofisi nzuri.

Jumamosi moja nilipaka uzio rangi. Nilipomaliza nikaoshea brashi na ndoo kando ya barabara, maji meupe yakateremka taratibu kwenye mtaro wa mbele ya nyumba. Bibi jirani, ambaye themanini ameshaipita, alitoka na kandambili zake kwenye baridi ile. Hakunisalimia. Aliniuliza, "Unajua hayo yanakwenda wapi?" Nikamjibu kwamba yanakwenda kwenye bomba la maji machafu, kama ya chooni. Akaniambia nimfuate.

Tulitembea mpaka mwisho wa mtaa, hatua mia mbili labda. Nyuma ya nyumba ya mwisho kuna bomba la saruji linalotokeza kichakani, na chini yake kibwawa cha majani marefu na magugumaji, pametota kama sifongo. Hakuna mtambo wala chujio. Mawe yaliyo chini ya lile bomba yalikuwa meupe. Rangi yangu ilikuwa imeshafika kabla yetu.

Hapo ndipo bibi aliponipa habari za kamba. Si wa baharini. Hawa ni kamba wakubwa wa mitoni, wana magamba ya miiba, na mmoja anaweza kuishi miaka mingi kwenye kijito kimoja. Mwaka 2012 zaidi ya elfu moja walikutwa wamekufa katika kijito cha Jamison, pale Wentworth Falls. Chanzo kilikuwa sumu ya kuulia mchwa, bifenthrini, iliyoshuka na maji kutoka mitaa ya juu. Mtu alikuwa anakinga nyumba yake dhidi ya mchwa, basi, na mto mzima ukalipa. Ukiishi bondeni uchafu wako unabaki nawe. Sisi wa mgongoni tunaishi juu ya dari ya wenzetu.

Tangu siku ile nikaanza kuona. Niliona kwamba mahali fulani halmashauri imekatisha mitaro na kuchimba vibwawa vya mchanga na mimea, maji ya lami yajichuje kabla hayajafika jabalini. Ukipita kwa gari utadhani ni bustani iliyotelekezwa. Niliona pia vikundi vya kujitolea vya kila mtaa, watu wanakutana mara moja kwa mwezi kung'oa magugu. Halmashauri inamleta mtaalamu mmoja, glavu na vifaa, wakazi wanaleta migongo yao. Bibi jirani ameniingiza kwenye kikundi chake, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa lantana, kwenye miteremko ya chini kidogo. Nilicheka peke yangu. Lantana ndiyo iliyokuwa uzio wa nyumba yetu Lushoto! Na mikaratusi na migrivilea niliyokulia chini yake, ambayo nilidhani ni miti ya Usambara tangu dunia kuumbwa, kwao ni huku. Mmea mmoja huku mwenyeji, kule mgeni mnywa maji. Lantana ni mgeni kotekote.

Sasa kuhusu fedha, maana najua mtauliza. Hifadhi ya taifa hailipi kodi ya ardhi kwa halmashauri. Kwa hiyo watu 78,000 ndio wanaotunza barabara, ngazi za majabalini na vyoo vinavyotumiwa na mamilioni ya wageni wanaokuja kuyapiga picha majabali matatu yanayoonekana kutoka Echo Point, hapa Katoomba. Wageni wanalipia maegesho, lakini maegesho hayajengi mitaro ya kilomita 100. Na halmashauri haiwezi kujipandishia kodi inavyotaka. Jimbo la New South Wales limeweka kikomo tangu 1977: kila mwaka bodi inatangaza asilimia isiyovukwa, na halmashauri ikitaka zaidi inaomba kibali maalum baada ya kuwauliza wakazi. Mwenzangu wa Tanzania anaweza kushangaa zaidi akijua kwamba Katiba ya Australia haitaji serikali za mitaa hata kidogo. Wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni 1974, wakaulizwa tena 1988, mara zote wakakataa. Sisi tuna ibara ya 145 na ya 146. Sijui kama ibara hizo zimewahi kuzibua mtaro, ila zipo.

Nimewahi kukaa kwenye kikao cha baraza. Madiwani ni 12, watatu kwa kila kata, kata nne, na meya wanamchagua wao kwa wao. Mzee mmoja alipewa dakika chache kuzungumzia njia ya miguu yenye mizizi iliyoinuka mbele ya nyumba yao ya wazee, akaja na picha alizozibandika kwenye kadibodi. Walimsikiliza kimya. Uchaguzi ni kila baada ya miaka minne, na raia asiyepiga kura bila sababu anatozwa faini ya dola 55, kwa hiyo foleni ya Septemba 2024 ilikuwa na watu ambao kwa hiari yao wasingeamka. Pembeni wazazi wa shule walikuwa wanachoma soseji na kuuza. Ni mila yao; kura bila soseji haijakamilika.

Lakini kinachowafanya watu wa hapa wagombane hasa na halmashauri ni miti. Kukata mti mkubwa uwani kwako mara nyingi kunataka kibali. Mimi mwanzoni niliona ni ubabe wa ofisi, mtu na mti wake. Kisha nikasikia upande wa pili. Tarehe 17 Oktoba 2013 mti uliangukia nyaya za umeme upande wa Springwood, upepo ukiwa mkali, na kabla jua halijazama nyumba karibu 200 zilikuwa zimeteketea kwenye miinuko ya Springwood, Winmalee na Yellow Rock. Mwaka uliofuata jimbo likapitisha kanuni: katika maeneo yaliyotajwa unaweza kukata mti ulio ndani ya mita 10 kutoka kwenye nyumba, na kufyeka vichaka ndani ya mita 50, bila kuomba ruhusa. Ikawa sheria mbili zinavutana kwenye uwa mmoja. Wapo waliokata kwa sababu ya moto, na wapo waliokata kwa sababu mti ulikuwa unawaziba wasione bonde. Nani atawapima nia?

Moto niliuona mwenyewe mwisho wa 2019. Ule wa Gospers Mountain ulianza Oktoba kwa radi, kaskazini yetu, ukaunguza zaidi ya hekta 500,000. Mingine ikawaka bondeni kusini na kaskazini ya mgongo, nasi tumekaa katikati kama mkate kwenye kikaango. Moshi ulikaa wiki nyingi. Kitu kilichonitisha hakikuwa miali ya moto, maana miali sikuiona. Ni asubuhi nilipokwenda kuanua nguo nikakuta juu ya shuka jani la mkaratusi, jeusi tii, limeungua zima bila kukatika, mishipa yake yote inaonekana kama ya mkono wa mzee. Nililigusa likawa unga. Lilikuwa limeruka kutoka kilomita nyingi.

Wazima moto wa vijijini huku wengi ni wa kujitolea: fundi bomba, mwalimu, mhudumu wa duka la dawa. Sehemu kubwa ya bajeti yao inatoka kwa kampuni za bima, halmashauri zinachangia asilimia 11.7 kwa mujibu wa sheria, jimbo linamalizia. Walikuja mtaani kwetu jioni moja, tukakusanyika barabarani na viti vyetu. Walituuliza nani ana mzee, nani hana gari, nani ana mbwa mkubwa. Walitufundisha kuziba mabomba yanayoshusha maji ya magata ya paa kwa mpira wa tenisi, kisha kujaza magata maji, ili cheche zikitua juu ya majani makavu zisipate pa kushika. Nilinunua mipira sita. Mitatu niliiweka kwa bibi jirani, mitatu kwa mzee mmoja ninayemhudumia, ambaye aliniambia wazi kwamba yeye haondoki hata moto uje na barua. Tulimwondoa kwa hila. Binti yake alimwita kwenye chakula cha mchana Penrith, mji ulio chini ya milima.

Nikiishia hapo nitakuwa nimewauzia halmashauri ya malaika. Katika Katoomba kuna bonde dogo, linaitwa The Gully. Hapo waliishi familia za Wagundungurra na Wadarug, wenye nchi hii, pamoja na Wazungu maskini, kwenye vibanda vya mbao na mabati. Baadhi walikuwa wamekuja kwa sababu bonde lao la asili, Burragorang, lilikuwa linaandaliwa kufurikwa na bwawa la Warragamba, lililokamilika 1960. Mwaka 1957 halmashauri hii hii iliwatoa The Gully. Si kwa ajili ya hospitali wala shule. Ni kwa ajili ya uwanja wa mashindano ya magari. Magari yalikimbia miaka michache, kisha watu wakachoka. Mwaka 2002 bonde likatangazwa rasmi kuwa Mahali pa Wenyeji wa Asili, na tangu 2008 halmashauri inalisimamia kwa makubaliano na wenyewe na wazao wao, wanakaa meza moja kupanga mti upi upandwe na njia ipite wapi.

Lami ya mashindano bado ipo. Watu wanaitembelea na mbwa wao, nyasi zimepasua katikati. Nimepita hapo na bibi jirani, ambaye mwaka 1957 alikuwa msichana na anakumbuka watu wa mjini walivyonyamaza. Alisema neno hilo mara moja tu, kwamba walinyamaza, akaendelea kutembea.

Kijito cha The Gully kinateremka mpaka maporomoko ya Katoomba, kinaruka jabali, kinaingia mto Kedumba, na Kedumba unaishia kwenye Ziwa Burragorang, nyuma ya lile bwawa, ambako Sydney inapata sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa. Bonde lililozamishwa liko chini ya maji hayo. Bibi alinieleza hayo tukiwa tumesimama kwenye njia ya mbao juu ya kijito. Kisha akainama, polepole kwa sababu ya goti, akaokota mfuko wa plastiki uliokuwa unaelea kuelekea huko, akaukung'uta na kuutia kwenye mfuko wa koti.