Sanamu la kulungu dume ligeuze likuangalie wewe uliye juu ya dungu

Umeuliza kama sanamu la kulungu dume, lile la kuvutia kulungu wakati wa kuwinda, liwekwe likupe mgongo. Hapana, usiliweke hivyo. Dume la kulungu wa mkia mweupe likiona dume lingine huzunguka likamkabili uso kwa uso, kwahiyo sanamu likikuangalia wewe dume la kweli litakuja kusimama kati yako na sanamu, ubavu wazi, mshale unapita vizuri. Sanamu la jike ni kinyume, huyo dume humnyemelea kwa nyuma. Weka sanamu mita 15 hadi 20 hivi kutoka kwenye dungu, upande upepo unakotoka, na ulishike na glavu za mpira maana harufu ya mkono inaharibu kila kitu. Mi nimejifunza huku Ohio, Marekani, kwa jamaa wa kazini anayewinda kwa upinde. Ila msimu wa bunduki achana nalo kabisa, mtu mwingine atalipiga risasi na wewe uko hapohapo.