Muulize Fundi: Mbao za Ukutani

*Fundi, nimetoa saiprasi yadi jana na imeshapigwa randa. Naweza kuipigilia sebuleni wikendi hii? (Kondele, Kisumu)*

Usithubutu. Mbao nyingi za yadi zimetoka kupasuliwa juzi, bado zina maji. Zikikauka zitasinyaa kwa upana, si kwa urefu, na zile ulizozibananisha vizuri zitaachana mpaka uone plasta. Zipange kivulini, zikiwa zimeinuliwa kutoka chini, na kati ya safu na safu weka vijiti vya unene mmoja kila futi 2 ili hewa ipite. Paka rangi kwenye ncha, maana huko ndiko zinakokauka haraka na kupasuka. Mbao ya inchi 1 itakula miezi. Teua moja uipime uzito kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ingiza mbao zote chumbani zikae wiki mbili zizoee hewa ya humo. Kuna mafundi watakaokwambia zitakaukia ukutani. Ni kweli, ila wao watakuwa wameshalipwa.

*Sina mashine. Nitaziunganishaje? (Section 58, Nakuru)*

Kwa randa ya mkono ya kuchimbia ukingo, toa nusu ya unene mbele upande mmoja na nusu nyuma upande wa pili, zilaliane. Mbao zikisimama wima, fito za inchi 2 kwa 1 zilale ukutani, kila sentimita 45 hivi, zishikwe na skrubu na plagi za plastiki. Kila mbao ipigilie karibu na ukingo mmoja tu. Ule mwingine ushikwe na jirani yake, ili ipate pa kujongea. Soketi zikiwa njiani, zima stima kwenye meni swichi kwanza.

*Ukuta wangu una unyevu. Mbao zitauficha? (Bungoma)*

Zitauficha, kisha zitaoza. Tafuta maji yanaingilia wapi.

*Nipake oili chafu kuzuia mchwa? (Bondo)*

Nje kwenye nguzo, sawa, watu hupaka. Ndani itanuka, na vanishi haitashika. Nunua dawa ya mbao, upake mgongo na ncha kabla ya kupigilia. Mbao zisiguse sakafu, na ukiona njia za udongo ukutani, shughulikia kichuguu kwanza.

*Nimepewa paleti bure. Zinafaa? (Kakamega)*

Angalia muhuri. HT ni zilizotibiwa kwa joto, chukua. MB zilipulizwa gesi ya sumu, methyl bromide. Hizo usiingize nyumbani. Na uchomoe misumari yote kabla ya kugusa randa.