Paludariamu: udongo wa nchi kavu usiguse maji, hata kwa ncha

Mkuu, huo udongo usiumwage kesho. Uache kwenye mfuko kwanza.

Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi anajenga paludariamu, yaani tangi lenye nchi kavu na maji pamoja. Ana tangi la kioo la sentimita 60 kwa 30, kimo 45. Kushoto anataka nchi kavu, kulia maji ya kina cha sentimita 12 yenye uduvi wekundu wa Neocaridina, nyuma ukuta wa kuvumwani unaotiririsha maji. Mpango wake ni kupanga mawe katikati, kujaza udongo wa bustani wenye mbolea nyuma ya mawe hadi upate mteremko, kisha kuufunika kwa mchanga ili maji yasichafuke. Anauliza taa iwake kwa saa ngapi, samaki gani wanafaa, ukuta aupandeje, na afanye nini ili mwani usimshinde.

Ya samaki na taa yatasubiri, kwa sababu kwa mpango huo hakutakuwa na kitu cha kuangaziwa. Nimewahi kubomoa tangi lililojengwa hivyohivyo, na kilichopona ni kioo tu.

Mawe hayazuii maji, na mchanga hauyazuii pia. Maji yatapita katikati ya mawe hadi yalingane pande zote mbili, kisha yatapanda ndani ya udongo kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Udongo laini wa bustani, au unga wa makumbi ya nazi tunaouita kokopiti, huvuta maji juu kwa zaidi ya sentimita 10 bila shida. Kwa hiyo ule mteremko wako wote, hata sehemu unayoiona iko juu na imekauka usoni, ndani utakuwa kinamasi.

Udongo ukijaa maji, hewa inatoka. Oksijeni hupenya kwenye maji polepole mno, takriban mara 10,000 polepole kuliko inavyopenya hewani. Vijidudu vinavyooza majani na mbolea humaliza ile kidogo iliyobaki, halafu vinashika zamu vile visivyohitaji oksijeni. Hivyo ndivyo vinavyotoa haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza, na kuufanya udongo uwe mweusi tii kwenye kioo cha chini. Mizizi inakufa kabla hujaona lolote juu.

Na hapa ndipo wengi wanapomalizia kuua mimea wenyewe. Fittonia, mmea mdogo wa nchi kavu, ikipoteza mizizi hulala chini kama mmea wenye kiu. Mtu anaiona imelala, anachukua chupa ya kunyunyizia, anaongeza maji. Kesho imelala zaidi, anaongeza tena. Ukiona mmea umenyauka ilhali udongo umelowa, huo hauna kiu, hauna mizizi.

Upande wa maji nako hakuna usalama. Hesabu mwenyewe: 60 kwa 30 kwa 12 ni lita 21.6, tena kabla hujatoa nafasi ya mawe na udongo. Utabaki na lita kumi na kitu. Mbolea iliyo kwenye huo udongo itayeyukia humo humo: amonia itapanda, fosfeti na naitreti zitalisha mwani, na maji yatageuka rangi ya chai. Uduvi hawavumilii amonia, na mbolea nyingi huwa na shaba kidogo, ambayo kwao ni sumu. Unauliza dawa ya mwani, na wakati huohuo unataka kuupikia mwani chakula cha mwaka mzima.

Wanaofundisha ujenzi huu kwenye video wananikera kwa jambo moja. Wanamwaga udongo, wanapanda, wanaweka muziki, wanazima kamera siku ileile. Siku ya kwanza kila tangi ni zuri! Tangi linalooza huwa halinuki wiki ya kwanza. Usimfuate mtu asiyeonyesha tangi lilelile baada ya miezi sita, akiwa amepiga picha pembeni, pale udongo unapoonekana kwenye kioo. Na muuzaji anayekwambia "weka mchanga juu, yatosha" anachanganya mambo mawili. Kuna njia ya Walstad, ya matangi ya samaki, ambapo udongo wa unene wa takriban sentimita 2.5 hukaa chini ya maji na kufunikwa kwa changarawe ya kiasi hichohicho. Njia hiyo inafanya kazi kwa sababu tabaka ni jembamba na mimea yake ni ya majini, inayopeleka oksijeni hadi kwenye mizizi. Ukirundika sentimita 20 za udongo wenye mimea ya nchi kavu kama Fittonia na Syngonium, hiyo si njia ya Walstad tena.

Basi jenga sakafu ya juu. Nunua ule wavu mgumu wa plastiki wenye miraba, unaofunikia taa za dari. Ukate utoshe upande wa kushoto, ukipungua milimita 5 kila upande. Miguu ikate kwenye bomba la plastiki la milimita 25, na kila mguu utoboe matundu mawili ili maji yasituame ndani. Urefu wa mguu ni kina cha maji pamoja na sentimita 4: kwako, 16. Miguu sita inatosha, ifunge kwa vibanio vya plastiki. Chini ya sakafu acha maji yapite huru, usizibe, kwa sababu hayo yanakuongezea ujazo, na pampu unaificha hapo. Ya lita 200 hadi 300 kwa saa inatosha kwa ukuta wako. Kwenye kona simamisha bomba la milimita 50 kutoka sakafuni mwa tangi hadi juu ya udongo. Mpira wa kunyonyea uchafu utapita humo. Pampu nayo iachie njia ya kutolewa bila kung'oa mmea hata mmoja, maana itaziba tu, leo au kesho.

Zipo zile kokoto nyepesi za udongo wa kuokwa ambazo watu hujaza badala ya sakafu. Zinafaa, ila nazo huvuta maji kidogo, hivyo acha sentimita 5 juu ya maji badala ya 4. Mimi napenda sakafu kwa sababu chini yake kunasafishika.

Juu ya sakafu tandika neti ya nyuzi za fiberglasi, matundu ya milimita 1 hivi. Usitumie ya chuma, itashika kutu, na yenye zinki au shaba itakuulia uduvi. Kingo za neti zikunje kwenda JUU, kama bakuli, zipite usawa wa udongo kwa sentimita 2, uzishike kwenye kioo kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu. Kipande cha neti kikining'inia chini hadi kwenye maji umeshatengeneza utambi, na kazi yote imekwenda bure.

Utambi ndio unaoangusha hata waliojenga sakafu nzuri, kwa hiyo utafute kwa makini. Kuvumwani iliyoota kutoka kwenye maji ikapanda jiwe ikafika kwenye udongo ni utambi. Gogo laini lililochovya maji huku limefukiwa udongoni ni utambi. Ukuta wa povu gumu la plastiki uliopakwa kokopiti hadi chini ya maji ni utambi mkubwa kuliko yote; acha mkanda wa silikoni tupu wa sentimita 3 juu ya usawa wa maji, usiupake kitu. Maji ya ukuta wako nayo yasitiririkie kwenye udongo. Chini ya ukuta weka mfereji, hata bomba lililopasuliwa katikati, uyarudishe upande wa kulia.

Jambo jingine ambalo halisemwi: pima nafasi kati ya maji na neti PAMPU IKIWA IMEZIMWA. Ikizimwa, maji yaliyoko ukutani na kwenye mpira wa pampu hushuka yote, na usawa hupanda. Umeme ukikatika usiku mmoja, udongo unakunywa, na hautoi tena kwa urahisi.

Kabla ya udongo, fanya jaribio hili. Silikoni iache saa 48, na pale ulipoweka nene iache wiki nzima. Tandaza karatasi za tishu juu ya neti yote, zibane kwenye kingo na kuzunguka bomba. Jaza maji sentimita 12, washa pampu saa 24, kisha izime saa chache. Tishu iliyolowa inakuonyesha utambi ulipo. Rekebisha, badilisha tishu, rudia hadi zote zibaki kavu. Umande utazilegeza kidogo, hilo si tatizo. Unachotafuta ni doa la maji.

Udongo wenyewe usiwe wa bustani. Mchanganyiko unaojulikana ni ule wa Atlanta Botanical Garden ya Marekani: sehemu 2 nyuzi za kangaga mti, sehemu 2 magome ya miti, sehemu 1 mkaa, sehemu 1 piti (mboji ya kinamasi), sehemu 1 kuvumwani kavu aina ya sphagnum. Ukikosa nyuzi za kangaga, kokopiti sehemu 3, magome 3, mkaa 1 vitakufikisha. Kokopiti isuuze mara mbili tatu, kwani mara nyingi huja na chumvi. Mkaa uwe wa kuni tupu, usiotiwa kiwashio. Unene sentimita 6 hadi 8, zaidi ya hapo unajaza tu. Mteremko unaoutaka utengeneze kwa povu chini ya neti.

Mimea ya majini kama Anubias na Microsorum pteropus ifunge kwenye jiwe au gogo, tunguu lake lisizikwe, litaoza. Pothos, mmea ule wa kutambaa, peke yake ndiyo naiachia ruhusa: mizizi yake itumbukize kwenye maji moja kwa moja, bila udongo, itakunywa naitreti na kumpunguzia mwani chakula.

Taa saa 8, kwa swichi ya saa. Maji badilisha robo kila wiki. Yanayopungua kwa mvuke ongezea maji yaliyokenekwa, kwa sababu mvuke huacha madini nyuma, na kioo hakitapata madoa meupe. Uduvi wasiingie kabla ya wiki 4 hadi 6, na kipimo kisome sifuri kwa amonia na kwa naitraiti, vyote viwili.

Ukimaliza jaribio la tishu weka picha hapa, umepiga kwa pembeni ukiwa umeegemeza rula kwenye kioo, pampu imezimwa. Nikiona sentimita 4 za hewa kati ya maji na neti, tuendelee na mimea.